Nilivuka Ziwa kwa Jina Langu

Nawasalimu wote, nyie mlioketi mbele na nyie mliosimama kule mlangoni kwa sababu mmechelewa. Padre ameniomba niseme maneno machache baada ya misa. Nikamwambia, Padre, machache siyawezi. Akacheka, akasema, basi sema yote, mama. Kwa hiyo kaeni vizuri. Mwenye sufuria motoni aende akaipue arudi.

Kwanza hii sauti. Wageni nawaona mnaangaliana. Macho yanaona mwanamke, masikio yanasikia mwanaume. Kuna watoto hapa Karema wakinisikia kisimani wanakimbia. Ndugu zangu, nawaambia, sauti hii sikuiokota. Nimeihangaikia, na sitamwomba mtu radhi kwa ajili yake.

Sikuzaliwa nayo. Nilizaliwa juu milimani, kwenye baridi, nikaolewa huku chini ziwani. Kule kwetu wanawake wengi walikuwa na shingo nene. Bibi yangu alikuwa hivyo, shangazi zangu walikuwa hivyo, na sisi watoto tuliona ni umbo la ukoo, kama wengine walivyo na mwanya. Sasa uvimbe wangu ulipoanza, baada ya kujifungua mtoto wa pili, sikushtuka. Ulikuwa kama limau, hapa. Nikafunga kitambaa, nikaendelea kulima na kuimba. Wa zamani mnakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo katika kanisa hili, sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, na wavuvi walikuwa wananiambia wanaisikia wakiwa wanavuta nyavu.

Limau halikubaki limau. Likawa chungwa, likawa kitu ambacho sina tunda la kukifananisha nacho. Likaanza kunikaba. Nikilala chali, hewa haiingii. Nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, mto mapajani. Ugali haukupita tena, nikawa mtu wa uji. Nikipanda hiki kilima cha kanisa nasimama njiani kuvuta pumzi, na pumzi yenyewe inalia kama mvukuto wa mhunzi. Jumapili moja nilianzisha wimbo wa kuingilia, pumzi ikaishia katikati ya neno. Kwaya nzima ikanyamaza ikinisubiri. Nikakaa chini. Tangu siku ile sikusimama na kwaya kwa muda mrefu.

Hapo maneno yakaanza. Mnajua maneno yanavyoanza hapa kwetu. Wengine walisema nimelogwa kwa wivu wa sauti. Wengine walisema ni Mungu ananipunguza majivuno. Mama mkwe wangu yeye alikuwa na lake: kwamba nilikula mwiko wa ukoo wao nikiwa na mimba, ndiyo maana kitu kimenikwama kooni. Alikuwa mama mfupi, mkali, anatembea mikono ameifunga nyuma kama askari anayekagua gwaride. Akanipeleka kwa mganga. Mganga akanichanja chale shingo nzima, akapaka dawa nyeusi iliyowaka kama pilipili. Mkinikaribia mtaziona, vile vialama vidogo juu ya kovu hili kubwa.

Mama mkwe aliposema turudi mara nyingine, nilisema hapana.

"Unakataa?" akaniuliza.

"Nakataa, mama. Amenichanja, damu imetoka, uvimbe umebaki. Anataka nini tena shingoni mwangu?"

Kuanzia hapo alikuwa ananipita uani kama anapita mti.

Mume wangu, yule pale ameinamisha kichwa kwa sababu hapendi kusemwa mbele za watu, alinichukua tukapanda lori la samaki mpaka Mpanda. Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, lakini mtu mkweli. Alinishika shingo kwa vidole viwili, polepole, akaniambia nimeze mate, akasikiliza ile pumzi yangu inavyolia. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama, hii inataka kukatwa," akasema. "Na mimi sijafundishwa kukata shingo. Nikijaribu nitakuua."

Nampenda mpaka leo kwa neno hilo. Wangapi wangesema hivyo? Akanieleza kwamba wapasuaji wa kazi ile wako Dar es Salaam. Ningepanda treni pale Mpanda mpaka Kaliua, nishike njia kuu mpaka pwani, lakini kwanza lazima nafasi ipatikane, na yeye ataniombea. Tukarudi nyumbani kungoja. Mvua zikanyesha, zikakatika. Mpunga ukavunwa. Tukarudi Mpanda. Nafasi bado. Uso wake ulikuwa mzito alipokuwa ananiambia.

"Wanaongoja ni wengi, mama. Nchi nzima inaelekea mlango mmoja."

"Na mimi nikiendelea kungoja?"

Akamtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi. Nashukuru alinitazama mimi. "Itafika siku njia ya hewa itaziba."

Tulirudi na lori lilelile. Mume wangu alinishika mkono njia nzima, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada. Mimi nilikuwa natazama barabara na nina hasira. Sikuwa na huzuni, nasema kweli. Nilikuwa na hasira kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Pale ufukweni walikuwa wanakuja akina mama wa Zaire kuuza mawese. Nilikwenda kununua. Mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cha kijani, akaniangalia shingo. Watu wa hapa walikuwa wanaangalia kisha wanageuza macho. Yeye hakugeuza. Akaweka kopo lake chini.

"Mama, hii shingo yako, kwetu banaikata."

Kiswahili chao kina mikunjo yake, lakini neno hilo nililielewa lote. Nikamwambia arudie.

"Banaikata, ku hospitali. Dada yangu alikuwa nayo. Sasa iko muzima, iko analima."

"Hospitali hiyo iko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ile milima ya ng'ambo. Ile ile mnayoiona mkitoka nje hapo. Tangu niolewe nilikuwa naiona kila siku ya bluu kwa mbali, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu kule anayejua kukata shingo. Dar es Salaam ni safari ya siku na siku kwa treni, na mlango wake umejaa. Kule ni maji tu.

Jioni nikamwambia mume wangu. Akauliza, "Zaire?" Nikasema, "Zaire." Akachokonoa moto. Kisha akasema angekwenda nami, lakini wakati ule wanaume wa kwetu wakifika kule askari walikuwa wanawasumbua, wakiwadhania wapelelezi. Nikamwambia abaki na watoto. Yule mama wa mawese ameshakubali kunipeleka.

Nyie mnakumbuka hali ya miaka ile. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye kijiji kipya, kila nyumba kwenye mstari, na mtu huwezi kuondoka tu, lazima uongozi ujue. Nikaenda kwenye mkutano. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alisikiliza, akavua kofia, akasimama. Msigeuke kumtafuta, yumo humu ndani na tumeshapatana.

"Ndugu," akasema, "taifa linajenga zahanati kila mahali. Sisi tunahubiri kujitegemea. Leo wewe unataka kwenda kuomba matibabu kwa wageni? Unaona hiyo ni heshima kwa nchi?"

Ilibidi nijibu vipande vipande, kwa sababu ya pumzi. Nilimwambia, "Ndugu Mwenyekiti, kujitegemea kunaanza na kupumua. Nipumue kwanza. Halafu nitajitegemea mpaka uchoke kuniona."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na ukifia huko?"

"Hapa nakufa nimekaa. Huko nitakuwa nimekufa nikienda."

"Mimi sijakuruhusu."

"Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kuaga."

Nikatoka. Nikaenda nyumbani kufunga furushi.

Siku ya kuondoka niliwabusu watoto, nikashuka ufukweni asubuhi na furushi langu na gunia la mchele, maana yule mama alisema kule mchele wa huku unapokelewa kama malipo na wanaupenda. Boti imeshawashwa mashine. Namwona mtu mfupi anakuja kwa haraka, amejitwika mkeka na chungu. Mama mkwe.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nakwenda nawe."

"Si ulisema nimekula mwiko?"

"Nilisema, na bado nasema. Lakini mtu wa nyumbani kwangu hatafia kwa watu asiowajua bila mtu wa kumfumba macho. Sogea nikae."

Ndugu zangu, mama yule aliishi kando ya ziwa hili maisha yake yote na hakuwahi kukanyaga boti. Tulipofika kwenye maji marefu alianza kutapika, akatapika mpaka ng'ambo, na kila akipata nafuu ananiuliza, "Bado unapumua?" Nilikuwa napumua. Nilikaa mbele kabisa, upepo unaniingia kinywani bila mimi kuuvuta. Ilikuwa hewa nzuri kuliko yote niliyoipata mwaka ule. Na ile milima ikaacha kuwa bluu. Ikawa ya kijani, ikawa na nyumba, ikawa na moshi wa watu wanaopika.

Hospitali ilikuwa ya shirika moja la bandarini, kwa ajili ya wafanyakazi wake na jamaa zao. Hilo yule mama wa mawese hakuwa amenieleza, kwa sababu dada yake ameolewa na mfanyakazi na yeye aliona ni jambo la kawaida. Mlangoni akatupokea mhudumu, akasema tungoje, munganga atatuona. Mama mkwe wangu, pamoja na kizunguzungu chake, akanipiga kiwiko.

"Umesikia? Hata huku ni mganga."

Kumbe wenzetu daktari ndiye wanamwita munganga. Lakini kabla ya kumwona tulipaswa kupita kwa karani.

"Unatoka wapi, mama?"

"Karema."

"Karema ni Tanzania." Akaweka kalamu chini. "Hapa ni wafanyakazi na watu wao. Mgonjwa mwingine anaingia kama ana mfanyakazi wa kumsimamia. Wewe una nani?"

"Sina mtu."

"Basi rudi kwenu. Mugeni akifa, sisi tunabaki na maiti isiyo na mwenyewe. Imetokea. Si mara moja."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyechoka kulisema. Tukatoka uani. Pale uani wake za wagonjwa walikuwa wanapika, moto huku na moto huku, na pembeni ya lango kulikuwa na bwana mmoja amevaa koti, kazi yake ni kuwasaidia watu waliokwama kama sisi. Akatuita kando. Alikuwa na njia. Yupo mtunza ghala wa bandari, mke wake mmoja amekwenda kijijini kwao muda mrefu. Niingie kwa jina la mke huyo. Mtunza ghala atakubali, karani hatauliza sana, nitalazwa, nitapasuliwa, nitaondoka.

Yule mama wa mawese akasema, "Ni jina tu, mama. Banafanya hivyo kila siku."

Mama mkwe naye akanishika bega. Yeye, mama wa miiko. "Kubali, mwanangu. Ni la siku chache. Ukipona utalivua."

Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa nimechoka. Pumzi ilikuwa inalia mpaka wapishi wanageuka. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nikamkumbuka binti yangu mkubwa. Nikafikiri, nikifa mle ndani, nitazikwa kama mke wa mtunza ghala. Mwanangu siku moja atavuka maji haya, atauliza mama yangu mmemlaza wapi, na wataangalia, watamwambia mtu wa jina hilo hakufika hapa. Atarudi akidhani bibi yake alimdanganya, na kwamba mimi nilimtoroka.

Nikasema, "Hapana."

"Mwanangu."

"Hapana, mama. Wamenichanja shingo nikanyamaza. Wameniambia mwiko nikanyamaza. Jina langu silitoi."

Nikarudi kwa karani. Alikuwa anahudumia watu wengine, nikapita mbele yao, Mungu anisamehe. Nikataja jina langu, jina la baba yangu, jina la mume wangu, Karema, Wilaya ya Mpanda, Tanzania. Nikataja kwa nguvu zote zilizobaki.

"Sina mtu hapa," nikamwambia. "Nitakaa pale nje penye ukuta. Akipatikana mtu wa kunisimamia, mtaniita. Pumzi ikiisha kabla, mtakuwa na maiti, lakini maiti yenye jina. Mama mkwe wangu yule atawaambia pa kuipeleka."

Nikaenda nikakaa penye ukuta. Mama mkwe akatandika mkeka pembeni yangu, akakaa, akafunga mikono. Yule bwana wa koti akatuangalia kama tumerukwa na akili, akaenda zake.

Tulikaa. Usiku tulilala palepale, mchana jua likitufuata tunasogea na kivuli cha ukuta. Walinzi walikuja kututoa, mama mkwe akawauliza kama wao wana mama. Wakaondoka. Wale wanawake wapishi mwanzoni walituangalia kwa mbali. Kisha mmoja akaleta sombe, kisamvu chao, kwenye sahani. Mwingine akaleta maji. Wa tatu akaja akakaa, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni, akauliza kama ni kweli nilikataa jina la watu. Nikasema ni kweli. Akauliza kwa nini, nikamwambia habari ya binti yangu. Akainuka, akaacha chungu chake motoni, akatoka nje ya lango.

Alirudi na mume wake. Mpagazi wa bandarini, mabega yamechubuka kwa magunia, vumbi la sementi kichwani mpaka kwenye kope. Hakutusalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwa karani, na sisi tukamfuata, na wapishi nao wakafuata.

"Yule mama wa Karema," akasema. "Ninasimama mimi."

Karani akamtazama. "Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Unamjua?"

"Nimemjua leo."

"Na akifa?"

"Nitamzika. Nitaandika jina lake juu ya kaburi, lile alilolisema hapa. Na nitavuka kwenda kuwaambia watu wake."

Karani akavuta daftari lake. Kisha akaokota kalamu.

Baadaye nilimuuliza yule mpagazi, kwa nini wewe? Alikuwa mtu asiyependa maneno. Akasema, wakati wa vita vya kwao, mama yake alikimbia na watoto, akavuka maji, akafikia upande wetu. Mahali gani hasa hakujua, yeye alikuwa mdogo. Alichokumbuka ni kwamba watu waliwaonyesha kiwanja cha kujenga na mahali pa kuteka maji. Akasema, "Hakuna aliyemuuliza mama yangu ana nani wa kumsimamia." Akarudi kwenye magunia yake. Kwa hiyo kama kati yenu yupo ambaye wakati ule alimpa mama wa Kongo kiwanja, ajue kwamba nimepona kwa mkono wake.

Mpasuaji alikuwa mtu wa hukohuko, mnene, mpole, mwenye vidole vifupi. Niliviangalia sana vile vidole. Akanieleza bila kunificha. Alisema ndani ya shingo kuna mshipa mwembamba kama uzi, ndio unaoshika sauti, na uvimbe wangu umeukumbatia. Alisema kwa hewa ninayovuta anaogopa kunipa nusukaputi, ningelala nisiamke. Atanipiga sindano za ganzi tu shingoni, nitakuwa macho.

"Lazima utoe sauti muda wote," akasema. "Ikibadilika, nitajua niko karibu na ule uzi. Kwenu unafanya nini?"

"Nalima. Zamani nilikuwa naimba."

"Basi utaimba."

"Pumzi haitoshi, munganga."

"Imba hiyohiyo isiyotosha."

Wakanilaza nusu nimekaa, mto chini ya mabega, kichwa nyuma, kitambaa usoni. Nilisikia harufu ya spiriti. Sindano niliisikia, kisu sikukisikia, nilihisi tu kuvutwa, kama mtu anayeng'oa mizizi ya muhogo kwenye udongo mgumu. Kitu cha moto kikawa kinatiririka nyuma ya shingo. Niliimba wimbo wa kupura ulezi, wa kule milimani, mama yangu alikuwa anauimba na wenzake. Niliuimba kidogo kidogo, neno na pumzi, neno na pumzi. Mpasuaji hakuelewa hata neno moja lakini alikuwa anaitikia, "Mm. Mm."

Kisha nikafungua kinywa, ukatoka upepo.

Mikono yake ikasimama. "Imba, mama."

Nikajaribu. Upepo.

"Mama. Imba."

Nilisikia mkasi ukiwekwa kwenye bakuli. Na hapo, ndugu zangu, sitawadanganya kwamba nilisali. Padre anisamehe, sala haikuja. Ilikuja hasira, ileile ya kwenye lori. Nikasema moyoni, haiwezekani. Nimepita kwa mganga, nimepita kwa mwenyekiti, nimepita kwa karani, nimepita maji yote yale. Siondoki kwenye meza hii nikiwa bubu. Nikasukuma kutoka tumboni, chini kabisa, mahali ambapo sauti yangu ya zamani haikuwahi kukaa. Kikatoka kitu kama ng'ombe anayeunguruma. Kizito, kibaya, kimepasuka. Hakikuwa changu. Mimi mwenyewe nilikiogopa.

"Hiyo," mpasuaji akasema. "Endelea na hiyo."

Nikaendelea na hiyo. Nikaupura ulezi wote mpaka akafunga mshono wa mwisho.

Siku iliyofuata, mchana, nililala chali. Nyie mnaolala chali kila siku hamjui kitu hicho. Nililala kama mtoto mchanga. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akisinzia, na alipoamka akaanza kunitikisa kwa nguvu mpaka nesi akaja mbio.

"Mbona hupumui?" ananiambia. "Amka, mbona hupumui?"

"Napumua, mama."

Alikuwa amezoea ule mlio. Miaka yote ile alikuwa anajua niko hai kwa sababu ninalia kama mvukuto. Sasa kimya, akadhani nimekwenda. Akaweka sikio kifuani kwangu, akasikiliza, na hapo nilimwona akilia, mara moja tu katika maisha yetu.

Nilipopona kidonda nikarudi nyumbani. Nikaja hapa kanisani. Kiongozi wa kwaya wa wakati ule akanisikia ninavyoongea, akanishika mkono kwa huruma, akasema, "Pole mama, sasa pumzika, kaa na waumini, utuombee." Nikamwambia pole nimeipokea, kupumzika hapana. Nikaenda nikasimama nyuma, na wanaume, kwenye besi. Wakasogea kama nimewaletea moto. Jumapili ya kwanza walicheka, ya pili walikohoa, ya tatu mmoja wao akaniomba nimshikie sauti kwa sababu anapotea. Nipo hapo mpaka leo. Asiyependa, Jumapili ijayo akae mbele mbali na mimi.

Na mwenyekiti wangu, mwaka uliofuata alikuja nyumbani jioni, akazunguka na habari za mpunga, habari za mvua, mwisho akauliza ile boti huwa inaondoka siku gani. Alikuwa na shemeji yake mwenye ngiri. Nilimweleza kila kitu, nikampa na salamu za kumpelekea mpagazi. Sikumtania. Haya, nilimtania kidogo.

Namshukuru yule daktari kijana wa Mpanda aliyejua mwisho wa mikono yake. Namshukuru mama wa mawese ambaye hakugeuza macho. Namshukuru mwanamke aliyeacha chungu chake motoni, na mume wake aliyesimama na mtu asiyemjua. Namshukuru mpasuaji. Namshukuru mume wangu, inua kichwa basi, ambaye hakuniambia nisiende. Na namshukuru mama mkwe wangu, aliyelala pale makaburini tangu mwaka jana. Mpaka anakata roho alishikilia kwamba nilikula mwiko. Nilimwosha mimi mwenyewe, na macho nilimfumba mimi.

Mnataka niwaachie fundisho. Ni hili: msikubali kufa kwa adabu. Mtu akikwambia ngoja, muulize mpaka lini. Akikwambia mahali hapo si pako, kaa. Na ukienda kwa watu kuomba uzima, nenda na jina lako lote.

Sasa nimalizie kwa jambo la leo. Yupo msichana humu ndani, mtu mzima wa kujua anachotaka. Amefunga kitambaa shingoni na jua lote hili. Alinifuata wiki iliyopita, akaniambia kwa mdomo wake anataka kwenda. Mzee wake anasema ng'ambo ni mbali, anasema watu watasema. Mzee wangu, sikutaji, lakini unanisikia. Kesho asubuhi nitakuja kwako tuongee kwa heshima, tunywe hata uji pamoja. Boti inaondoka Alhamisi, na nimeshaweka nafasi mbili, yake na yangu. Ukitaka kuja, ya tatu ipo. Kama hutaki, tusindikize tu mpaka ufukweni, umsaidie mwanao kubeba mchele.